Skatingi za mbao zimeoza chini nyumba nzima: ning'oe zote au zinatengenezeka?

NuruTudor
Asalaam aleikum wanajamvi. Swali langu refu kidogo, mnivumilie.

Nakaa Tudor, nyumba ya marehemu baba, ya chini, kuta za mawe ya matumbawe zilizokuja kupigwa plasta ya simiti baadaye. Skatingi, yaani zile mbao za chini ya ukuta (baba alikuwa akiziita viatu vya nyumba), ni za tangu nyumba ilipojengwa. Upana inchi sita, ukingo wa juu umechongwa mkunjo kama wimbi. Sebuleni zimevimba upande wa chini na rangi inabanduka magamba. Kwenye korido, ukuta unaopakana na bafu, nimebonyeza kwa kidole gumba kikazama mpaka kwenye kucha. Chumbani kwa mama, karibu na kabati, nikifagia asubuhi, jioni nakuta unga unga tena. Na fremu ya mlango wa jikoni imelika chini kiasi cha shubiri moja. Ule ubao mwembamba unaofunika nafasi baina ya fremu na plasta umeachia, unacheza.

Fundi mmoja alikuja, akatazama dakika tano, hakuinama hata mara moja, akasema ni mchwa, zing'olewe zote ziwekwe za emdiefu, shilingi 45,000 kazi na vifaa. Mwingine akasema pakaza oili chafu ya injini halafu piga rangi juu. Mimi nishanunua rangi nyeupe ya glosi lita nne na msasa. Harusi ya mdogo wangu ni Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na wageni watashukia hapa. Nifanyeje?

ChumviYaBahari
Emdiefu, nyumba ya chini, Mombasa, na deki kila siku? Huyo fundi anajitafutia kazi ya mwakani. Emdiefu ni unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi. Ikinywa maji inafura kama mkate uliochovywa kwenye chai, na hairudi.

KijanaKongowea
Sista ng'oa mbao zote weka skatingi ya taili. Siku mbili umemaliza. Mambo ya mbao yamepitwa.

Mpakaji_Likoni
Oili chafu? Usithubutu. Nilipaka fremu za nyumba ya kupangisha kwa ushauri kama huohuo. Nikapiga andakoti, yaani rangi ya chini, nikapiga glosi mikono miwili, wiki haijaisha madoa ya kahawia yakatokeza. Nikarudia, yakatokeza tena. Mpangaji akaniuliza kama mlango unatoka jasho. Mwisho nilikwangua mpaka mbao ikabaki uchi, na ile oili ilikuwa imeshaingia ndani, kwa hiyo nikabadilisha mbao.

SeremalaMajengo
Waaleikum salaam binti. Rangi yako iweke kando, haitaoza. Nimesoma maelezo yako mara mbili na naona hiyo nyumba haina ugonjwa mmoja. Sebule ni jambo moja, korido jingine, chumba cha mama jingine. Fundi aliyesema "mchwa" kwa yote amekuuzia neno.

Anza na ule unga. Tandika karatasi nyeupe chini ya ubao usiku, asubuhi utazame kilichoanguka. Kikiwa laini kama unga wa ngano na ubao una vitundu vya duara, vidogo kama kichwa cha pini, hao ni wadudu watoboa mbao. Kikiwa ni punje punje ngumu, ukizisugua kwa vidole zinakwaruza kama mchanga, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Punje hizo ni mavi yake. Ukipata lenzi utaona kila punje ina pande sita. Huyu hahitaji udongo wala maji, anaishi ndani ya ubao huohuo na watoto wake. Ama ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani kama mishipa, huyo ni mchwa wa ardhini. Mji wake uko nje, pengine hatua kumi kutoka ukutani, na kupulizia dawa ubao peke yake hakumsumbui.

Kwenye korido usinunue chochote kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Kata nailoni ngumu, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo. Iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, baina ya nailoni na ukuta, basi ukuta ndio unaotoa maji. Yakiwa juu ya nailoni, upande wako, ni hewa tu ya chumbani. Fanya hivyo na sebuleni ulinganishe.

Halafu chukua bisibisi, pita ubao kwa ubao, choma kidogo chini, katikati na juu. Weka alama ya chaki mahali inapozama. Ukimaliza utajua unachohitaji ni msumeno au ni puti ya kujazia.

Swali: mama anapiga deki kwa maji gani?

NuruTudor
Ami, maji ya kisima. Ya mfereji yanakuja siku yakipenda, tunayaweka ya kupikia. Na mama deki yake ni ndoo inamwagwa, halafu ndio tambara linafuata.

SeremalaMajengo
Hapo sebule nishaipata. Maji ya kisima cha kisiwani yana chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya ubao, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo ubao haukauki hata siku usiyopiga deki. Mwambie mama kwa adabu.

ChumviYaBahari
"Mwambie mama kwa adabu." Ami hujui mama za Tudor.

MamaWatatu
Nuru, kabla hujashika huo msasa. Nyumba ya zamani hivyo, rangi za chini huenda zina risasi. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Usisugue kavu. Lowesha kwa chupa ya kupulizia, sugua ikiwa maji maji, vumbi lifute kwa tambara bichi na tambara lenyewe ulitupe. Kama kuna watoto wahamishe siku hiyo. Sisi tulisugua kavu mwaka tuliohamia Mikindani na nyumba nzima ilikuwa nyeupe mpaka ndani ya sufuria. Nikikumbuka bado najuta.

MwanaMjiWaKale
Samahani naingilia. Sisi huku Mji wa Kale tabu hiyo twaijua. Kuta za matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua: unyevu unaingia, unatoka. Akija mtu akapiga plasta ya simiti juu, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda au unashuka mpaka upate njia, na mara nyingi njia ni pale chini kwenye skatingi. Ile chumvi nyeupe inayochipua ukutani kama pamba ndiyo inayomega plasta. Kwetu tulikwangua plasta ya simiti kimo cha goti, tukarudisha ya chokaa, tukaacha ukuta ukae wazi msimu mzima wa kaskazi.

Nami niulize: fremu ya mlango wetu wa ndani, ya mbao ngumu nyeusi nyeusi, imemegeka pembeni kwenye nakshi. Jirani asema nijaze puti ya magari.

SeremalaMajengo
Bwana, hapana. Puti ya magari ni nzuri mahali patakapopakwa rangi. Mbao iliyoachwa na uso wake, yenye nakshi, ukiijaza puti itaonekana kama jino la bandia. Hapo pakatwe kwa patasi kali mpaka kingo ziwe safi, kipande cha mbao ya jinsi hiyohiyo kipandikizwe, nyuzi zake zielekee zinakoelekea za mlango, kisha achongaye nakshi aendeleze. Huko kwenu mafundi hao bado wapo. Na unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe usidanganyike nao, ukipiga vanishi juu unabaki doa, hauvuti.

KijanaKongowea
Nyinyi mnaandika vitabu na mtu ana harusi.

NuruTudor (siku tano baadaye)
Nimerudi na majibu.

Chumbani kwa mama ni punje. Ngumu, kahawia, nilizisugua zikakwaruza. Nimezikusanya kwenye kifuniko cha chupa kama mbegu.

Nailoni ya sebuleni kavu kabisa. Ya korido ilijaa matone upande wa ukuta, mpaka selotepu ya chini ikaachia. Nikamwita fundi bomba. Mita haikutusaidia kwa kuwa maji yenyewe hayakuwepo, basi tukatia alama ya kalamu kwenye tangi la juu saa nne usiku na tukafunga mifereji yote. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Kuvunja taili mbili bafuni: kiwiko cha bomba la zamani la chuma kimeliwa na kutu, kinatiririka ndani ya ukuta taratibu bila sauti. Kimebadilishwa kwa plastiki.

Na ile bisibisi, ami, imenishangaza. Sebuleni nzima inazama chini tu, kama sentimita mbili kutoka sakafuni. Juu ya hapo ni chuma. Niligonga, ikanirudisha mkono.

SeremalaMajengo
Ng'oa ubao mmoja wa sebuleni, polepole. Kwanza pitisha kisu kwenye mstari ambapo rangi ya ukuta inakutana na ubao, la sivyo utabandua plasta nayo. Ingiza patasi pana, nyuma yake weka kipande cha mbao ili usiegemee plasta, sukuma kidogo, sogea shubiri mbili, sukuma tena. Ukilazimisha mahali pamoja unavunja. Misumari usiigonge kurudi mbele, itapasua uso. Ivute kwa nyuma kwa plaizi. Andika namba nyuma ya kila ubao na namba hiyohiyo ukutani, maana kuta za zamani hakuna iliyo sawa na mwenzake.

Kisha paruza rangi kidogo nyuma, ulambishe tambara la maji, upige picha.

NuruTudor
Hiyo hapo picha. Nyuma hawakupaka rangi kabisa. Mbao ni ya kahawia ya dhahabu, nzito, ubao mmoja siwezi kuubeba kwa mkono mmoja. Ukutani mafundi wa zamani walitia vigingi vya mbao kwenye mawe na misumari ikaingia humo. Na nyuma ya ubao wa tatu nimeokota senti kumi ile ya tundu katikati, ya enzi za wakoloni. Mama ameichukua, haniachii.

SeremalaMajengo
Subhanallah. Binti, hiyo ni mvule. Hizo ndizo mbao fundi wako alitaka akubebee bure akuwekee emdiefu. Leo mvule mkavu wa upana huo nenda kauulizie bei halafu ukae chini.

Basi mpango unabadilika. Zilizozama chini tu, usizitupe. Zipeleke karakana yenye msumeno wa meza wazipasue chini inchi moja, iondoke sehemu yote iliyooza. Utabaki na ubao wa inchi tano, mzima. Ile inchi iliyopungua usiizibe kwa puti. Pasua fito za mbao ngumu, inchi moja kwa unene uleule wa ubao, zikae chini ya ubao kama kisigino. Zifunge kwa skrubu bila gundi. Mama akimwaga ndoo, kinachokunywa ni ufito. Baada ya miaka kadhaa ukioza unafungua skrubu unaweka mwingine, ubao wa juu haujui kilichotokea.

ChumviYaBahari
Viatu vya nyumba vimepata soli.

NuruTudor
😂 Baba angependa hiyo.

Mpakaji_Likoni
Ongezea hapo: ufito na ubao vyote vipakwe praima pande ZOTE kabla ya kufungwa. Nyuma, chini, na zaidi kwenye vichwa vilivyokatwa. Mbao inakunywa maji kwa kichwani kama mrija. Ile praima ya pinki ya mbao inatosha. Watu hupaka uso unaoonekana, nyuma wanaacha, halafu wanalaumu kampuni ya rangi.

KijanaKongowea
Nauliza kwa nia njema: kwa nini msiweke taili? Hailiwi na mchwa, haiozi.

SeremalaMajengo
Kijana, sina ugomvi na taili. Bafuni na jikoni ningeweka taili mimi mwenyewe. Lakini ukibandika taili kwenye ule ukuta wa korido leo, na mawe bado yamejaa maji ya miezi, chumvi itaisukuma itoke na simiti yake. Kwa vyovyote ukuta ukauke kwanza. Na huwezi kumwambia mtu mwenye mvule ukutani atupe mvule.

KijanaKongowea
Hapo sawa. Sikujua ni mvule.

NuruTudor
Mbao nne za korido zimekwisha kabisa, zimebaki kama keki. Nikinunua mpya nichukue mbao gani? Na ule mkunjo wa juu siuoni dukani popote.

SeremalaMajengo
Zitapakwa rangi, basi hakuna haja ya mvule. Chukua saiprasi iliyotiwa dawa, sita kwa moja, kavu. Kukagua ukavu: inyanyue ya dukani na nyingine iliyokaa ndani ya nyumba, utahisi tofauti ya uzito. Tazama kwa urefu kama unalenga bunduki, ikiwa imepinda iache. Paini nayo ipo nyingi, inatoka Tanzania. Ile amri ya 2018 ya kusimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya serikali hapa Kenya ilituzoesha mbao za Tanzania, na hata baada ya kutangazwa kuondolewa 2023 mazoea yamebaki. Paini isiyotiwa dawa usiilete Mombasa.

Mkunjo usiutafute dukani. Kata kipande cha shubiri moja cha ubao wa zamani, kipeleke karakana yenye mashine ya kuchonga kingo, wakutolee uleule. Wakikukatalia kwa kuwa ni mbao nne tu, funga ubao mtupu halafu juu yake bandika bidi, yaani ufito mwembamba uliochongwa, inayokaribiana nao. Ukishapaka rangi, anayejua ni wewe na mama.

Ila usifunge chochote korido sasa. Ukuta hukauka kwa kadiri ya inchi moja ya unene kwa mwezi. Acha wazi, fungua madirisha kaskazi ipite.

MamaWatatu
Na kabati la mama? Kama punje zinaanguka karibu na kabati, mimi ningelikagua kabati kabla ya skatingi.

NuruTudor
MamaWatatu wallahi umenitia hofu, nikaenda na tochi. Skatingi ya nyuma ina matundu matatu. Mguu wa nyuma wa kabati una kumi na tisa. Kabati ni la harusi yake. Nimemwambia tulitoe nje tulitie dawa, akaniuliza kama nataka kumtoa naye.

SeremalaMajengo
Mbao mbili za skatingi ya hapo kama zina matundu machache zisichomwe moto. Nunua dawa ya mchwa ya mbao, sindano ya duka la dawa, glavu. Ingiza kwenye kila tundu mpaka itokee tundu jingine, maana ndani zimeungana. Siku ya pili rudia. Kisha ziba matundu yote kwa puti na upake rangi. Kabati fanya vivyo hivyo hapohapo lilipo, mama akalale chumba kingine siku mbili na dirisha wazi. Tandika karatasi nyeupe chini yake. Punje mpya zikianguka juu ya karatasi, bado wamo.

NuruTudor (wiki tatu baadaye)
Taarifa ya mambo yaliyoniharibikia, ili mwenzangu asirudie.

Fremu ya jikoni. Nilikata sehemu iliyooza kwa mshazari kama ami alivyonieleza inboksi, kwamba mkato uelekee chini na nje ili maji yasikae kwenye kiungo, nikaunga mguu mpya wa mbao kwa gundi isiyoogopa maji na skrubu mbili. Hapo nilifurahi. Tabu ikaja kwenye kujaza nyufa. Nilinunua puti ya magari na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha. Nikakamua hadina kwa ukarimu, nikachanganya juu ya kifuniko cha kopo. Saa saba mchana, jua la Januari. Nilijaza ufa mmoja. Nikageuka kuchukua kwangua, nikirudi puti imekuwa jiwe, kwangua imegandia, kifuniko kimegandia, na kidole changu kimoja nusura.

SeremalaMajengo
Puti ukubwa wa chungwa dogo, hadina kama punje ya haragwe, basi. Rangi yake iwe ya waridi hafifu. Ikiwa nyekundu umezidisha. Changanya kidogo kidogo juu ya kigae cha taili, asubuhi mapema. Na usubiri mpaka iwe ngumu kama jibini kabla ya kuipunguza kwa kisu, ikishakuwa jiwe utamaliza msasa wa mtaa mzima. Namba 80 kwanza, 120, umalizie 180.

NuruTudor
La pili ni skrubu. Mawe ya matumbawe hayana shukrani. Nikitoboa, tundu linakuwa kubwa kuliko drili, plagi inazunguka humo humo. Vigingi vya zamani nusu vimeoza.

ChumviYaBahari
Zima ule mpigo wa nyundo kwenye drili, toboa kwa kuzungusha tu. Jiwe la matumbawe ni laini, likigongwa linamomonyoka. Puliza vumbi litoke, tia plagi ya milimita 8 na gundi kidogo, iache ishike mpaka kesho ndipo ufunge skrubu. Na skrubu ziwe za shaba au zisizoshika kutu. Za chuma, kwa hewa yetu hii, baada ya mwaka kila kichwa kinatoa chozi la kahawia juu ya rangi nyeupe.

SeremalaMajengo
Vigingi vizima viache, vinashika kuliko plagi. Vilivyooza vikongoe, chonga vipya vya mvule kutoka vile vipande ulivyokata.

Na kona za ndani usizikate zote mbili nyuzi 45. Hizo kuta hazikutani sawasawa, utabaki na mwanya juu au chini. Ubao mmoja uende moja kwa moja mpaka kwenye kona. Wa pili ukate 45, utaona mkunjo umejichora kwenye ncha, fuata mchoro huo kwa msumeno wa waya, uso wake utakaa juu ya mwenziwe kama bakuli ndani ya bakuli. Kona za nje ndizo za 45. Na ukiunganisha mbao mbili kwenye ukuta mrefu kata mshazari, mmoja ulale juu ya mwingine. Mkato wa wima ukifunguka unaonekana toka mlangoni.

NuruTudor
Kona ya kwanza nimeharibu mbao mbili. Ya pili nusu. Ya tatu nilimwita mama aje aone.

Mpakaji_Likoni
Ukifika kuziba ule mwanya wa juu baina ya ubao na ukuta, usitie silikoni. Silikoni haikubali rangi, itabaki mstari unaong'aa milele. Uliza ile ya akriliki ya kupakwa rangi. Pitisha kidole kilicholoweshwa. Andakoti moja, msasa mwepesi, glosi mikono miwili, kila mmoja ukauke usiku kucha.

Ule ufito wa chini mimi ningeuacha bila kuuziba na sakafu. Nyanyua milimita tatu, weka kadibodi wakati wa kufunga halafu ichomoe. Maji yaingie yatoke.

ChumviYaBahari
Na mende je?

Mpakaji_Likoni
Mende wana funguo zao.

NuruTudor (Mfunguo Mosi, baada ya harusi)
Sebule ilimalizika siku nne kabla ya wageni. Mbao zile zile za baba, inchi tano, na ufito chini wa rangi ileile. Lazima uiname ndipo uone mstari. Korido tulifunika kwa mikeka iliyosimamishwa, ukuta bado ulikuwa unatoa unyevu nikakataa kufunga. Shangazi kutoka Lamu aliinama, akapapasa mkunjo, akasema mafundi wa siku hizi bado wapo. Sikumwambia kitu.

Hesabu yote, pamoja na fundi bomba, karakana, praima na skrubu, haikufika nusu ya zile 45,000. Kazi ya mikono yangu sijaihesabu, wala zile mbao za kona nilizoharibu.

MwanaMjiWaKale
Hongera dada. Masika yaja, ndipo tutajua.

NuruTudor (mwishoni mwa Juni)
Mvua za Mei zimepiga zilivyopiga. Nimepita nyumba nzima na bisibisi leo.

Korido nilibandika nailoni tena wiki mbili, kavu, ndipo nikafunga zile za saiprasi. Sebuleni kiungo kimoja kimefunguka kiasi cha unywele, karibu na mlango wa mbele ambapo kusi inaingia na mvua. Nitakijaza mwezi wa kumi mbao zikitulia. Fremu ya jikoni haijatikisika. Ufito wa karibu na dirisha umeanza kubadilika rangi chini, kwa sababu deki ni ileile. Nilimnunulia mama ile ya kukamulia kwenye ndoo. Anaitumia, baada ya kumwaga.

Karatasi ya chini ya kabati: mwezi wa tatu punje sifuri, wa nne sifuri. Leo asubuhi kumi na moja.

SeremalaMajengo
Kumi na moja ni nyingi. Lilaze kabati chali, utazame chini ya miguu na nyuma ya droo, kuna tundu hukuliona. Sindano unayo bado?

NuruTudor
Sindano ninayo. Mama amekaa mbele ya kabati.